Fundi Aliyeishuku Kila Miksa

Kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumwona Fundi akinywa chai ya shughuli. Harusi, maulidi, hitma, kipaimara, popote alipoitwa kufunga mitambo alikuja na chupa yake ya chai ndani ya mkoba, na kikombe chake mwenyewe, akanywa huku amegeukia ukuta. Akina mama wa jikoni walimletea sahani ya pilau, akawashukuru vizuri, akaiweka chini ya meza, na mwisho wa shughuli aliibeba kwenye mfuko. Nadhani iliishia kwa kuku wa nyumbani kwake. Siku moja nilimuuliza anaogopa nini. Akasema fundi mwenzake anaweza kumtilia kitu cha kumwendesha tumbo, halafu yeye akiwa chooni mwenzake anakaa kwenye kiti chake. "Mama Zuhura, kiti hiki kinatamaniwa," aliniambia, na hakuwa anatania.

Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, kimevunjika mkono mmoja.

Mimi nakodisha spika. Naishi Kinyerezi, lakini kazi zangu nyingi ziko upande wa Temeke: Tandika, Mtoni, Mbagala. Nyumbani nina chumba kimoja nilichokibandika magodoro ukutani, ndiyo studio yangu, na anayeiendesha ni mdogo wangu Seif. Fundi alikuwa na kibanda Buguruni, nyuma ya soko, kimejaa spika zilizopasuliwa na nyaya zilizoning'inia kama utumbo wa mbuzi. Jina analo, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Fundi, na hata huyo mkewe aliulizwa kila asubuhi ni nani aliyepita jikoni wakati chai inachemka.

Na mimi, niseme wazi, si mtu wa kuamini haraka. Biashara ya kukodisha vitu inakufundisha kukagua nyaya kabla ya kujibu salamu. Kwa hiyo tulifaana. Yeye aliwashuku watu wote, na mimi nilimshuku yeye.

Watu wakija kwake kutaka ushauri wa kununua miksa, ile meza ya vitufe inayokusanya sauti zote kabla hazijaenda kwenye spika, walianza na idadi ya chaneli. Nane, kumi na mbili, kumi na sita, utadhani wananunua mayai. Aliwaacha wamalize. Kisha aliuliza itakaa wapi na nani ataishika. Miksa ya studio, alisema, kazi yake ni kunyamaza, kwa sababu ndani ya chumba maiki inasikia hata saa ya ukutani. Miksa ya shughuli kazi yake ni kuutii mkono, kwa sababu MC hakupi nafasi ya kufikiri. Anayetaka moja ifanye kazi zote mbili ni sawa na mwanamume mwenye wake wawili: inawezekana, ila awe mwadilifu. Akishasema hivyo alikutazama kama utacheka. Ukicheka, alijua hujaelewa.

Zile za kisasa zenye skrini hakutaka kuzisikia. Vijana walimwambia zinakumbuka kila kitu, unabonyeza tu na mipango ya shughuli ya jana inarudi yenyewe. Hilo ndilo lililomtisha. Kitu kinachokumbuka mambo yako bila kukuuliza, alisema, siku moja kitayasema kwa wengine. Ya kizamani kila kitufe kina kazi yake na kiko mbele ya macho yako, na umeme ukikatika ukarudi, unakikuta pale pale ulipokiacha. Hapo nilimkubali, kwa sababu mitaani kwetu umeme tunaujua wenyewe.

Kupima kwake miksa kulikuwa na utaratibu ambao wauza vifaa wa Kariakoo waliuchukia. Alitaka iwashwe bila kuchomekwa chochote, si maiki, si simu. Akavaa hedifoni, akapandisha kila kitufe mpaka mwisho, akafumba macho. Alikuwa anasikiliza mvumo, ule mnong'ono wa umeme ambao miksa mbovu huutoa hata ikiwa haina kazi. Mtu msikilize akiwa hajaulizwa kitu, alisema, hapo ndipo utamjua. Halafu alizungusha kitufe kimoja kimoja polepole akitafuta mkwaruzo, akatikisa matundu ya nyaya, na mwisho akainusa kwa nyuma, kwa sababu kilichowahi kuungua hakiachi kunuka. Maduka mengine wakimwona anavuka barabara walisema wanafunga kwenda kuswali, hata kama ni saa nne asubuhi.

Duka moja tu lilimvumilia. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiarabu ambaye babu yake aliuza vitambaa katika chumba hicho hicho, na baba yake akauza redio. Alimpa Fundi stuli, akamwachia azungushe anachotaka. Salamu zao zilikuwa ndefu, za kuulizana wake, watoto, wajukuu na magoti. Lakini Fundi akitoka kidogo, mwenye duka aliinama na kuniambia niwe naye makini huyu. Na mwenye duka akiingia stoo, Fundi aliniambia maneno hayo hayo.

Kubwa kuliko yote lilikuwa lile la plasta. Kwenye miksa, kila chaneli hubandikwa kipande cha plasta kilichoandikwa ni ya nani: MC, kinanda, bibi harusi, shehe. Mafundi wote hufanya hivyo ili mwenzako akikupokea asihangaike. Fundi naye alibandika, tena kwa mwandiko mzuri, ila aliandika uongo. Palipoandikwa MC leo palikuwa na kinanda, kesho maiki ya wageni. Palipoandikwa kinanda hapakuwa na kitu. Ramani ya kweli ilikuwa kichwani mwake, na aliona hiyo ndiyo kufuli yake.

Siku ya sendofu moja ya Mbagala, ile sherehe ya kumwaga bibi harusi, alitoka kwenda kuswali Alasiri. Binamu wa bibi harusi, mtu wa kujitolea na mwenye haraka zake, akaona MC hasikiki vizuri, akakaa kwenye kile kiti, akasoma plasta, akapandisha palipoandikwa MC. Kumbe ile ilikuwa maiki iliyoachwa wazi juu ya meza ya mashangazi wa bibi harusi. Mashangazi wakati huo walikuwa wanamjadili mama mkwe mtarajiwa, mavazi yake, na jinsi alivyommaliza mume wa kwanza. Ukumbi mzima ulisikia, na mama mkwe alikuwa meza ya mbele. Mimi mwenye mitambo ndiye niliyekwenda kupiga magoti kwa pande zote mbili. Fundi aliporudi kutoka msikitini na kuelezwa, uso wake uling'aa. "Nani kamwambia aguse?" aliuliza, kana kwamba shughuli yote ilifanywa ili kuthibitisha maneno yake.

Sikumwita tena kwa muda mrefu. Nikajaribu mafundi wengine, spika zikapiga mluzi kila shughuli, nikamrudia. Hakuuliza nilikuwa wapi. Alifungua tu mkoba wake wa chai.

Ungemsikiliza kwa siku moja ungesema mtu huyu hapendi chochote. Lakini kulikuwa na kwaya moja Kibamba, mwisho wa mji, ambayo aliwafungia mitambo miaka mingi, yeye Mwislamu wa swala tano, na akiwataja hao sauti yake ilibadilika. Alisema wale wanajua kunyamaza kati ya ubeti na ubeti. Na msikiti aliokuwa akiswali mwenyewe, pale karibu na kibanda chake, ulikuwa na spika ya pembe iliyopasuka, adhana ikitoka kama mtu anayeongea ndani ya ndoo. Walimwomba aitengeneze, akakataa. Pale haendi kusikiliza spika, alisema. Mimi nilidhani anajivuna. Wengine walidhani anasubiri aombwe na mtu mkubwa.

Sasa nije kwenye jambo lililotufikisha pabaya. Miksa yangu ya zamani iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Nilihitaji nyingine, moja tu, ya kukaa studio siku za kazi na kutoka nayo kwenye shughuli mwisho wa wiki, yaani ile ya wake wawili. Na nilikuwa na haraka. Kundi la akina mama wa kaswida wa Mtoni, wateja wangu wa kudumu, walitaka kurekodi kaswida zao zote kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, na mwezi huo huo walikodi mitambo yangu karibu kila mwisho wa wiki. Walikwisha kuniambia kwa upole, kama wanavyosema watu wa pwani wanapokuonya, kwamba kuna studio mpya Tandika ina kiyoyozi. Wakiondoka hao, nyumba yangu inabaki na chumba cha magodoro ukutani na hakuna kingine.

Nikamtuma Fundi Kariakoo. Akarudi na miksa, amesifu kila kitu. Tukawarekodi akina mama kaswida ya kwanza, na jioni Seif akaniita nisikilize. Pale wanapovuta pumzi kati ya beti palikuwa na kitu, sss nyembamba, kama mafuta ya maandazi yanapoanza kushika moto.

"Dada, hii inavuma," Seif alisema.

Nikampelekea Fundi taarifa. Akasema masikio ya Seif yameharibiwa na muziki wa singeli. Lakini nilishikilia, akaenda kuibadilisha, akarudi na nyingine. Ya pili ikavuma kuliko ya kwanza. Kiongozi wa akina mama akaisikia mwenyewe, akafunga mtandio wake na kuuliza ile studio ya Tandika iko mtaa gani hasa.

Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Mitaani walikuwa wamekwisha kusema Fundi na yule mzee wa duka ni lao moja, kwamba anapewa cha juu kwa kila mtambo mbovu anaoutoa pale stoo. Nilikuwa nimekataa kulisikia. Sasa nikalikaribisha ndani na kulipa kiti. Nikakumbuka chai ya kugeukia ukuta, uongo wa plasta, na furaha yake siku ya sendofu. Mtu anayedhani kila mtu ni mwizi, nikajiambia, amejifunzia wapi kama si kwake mwenyewe? Nilikuwa na hasira, na zaidi ya hasira niliona aibu ya kuwa mjanja wa mjini aliyeliwa na mtu wake wa karibu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaenda Kariakoo peke yangu, bila kumwambia. Mwenye duka alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Bibie, mie nilimwambia," alisema. "Ile ya kwanza iliingia unyevu stoo, nimeiweka kwa ajili ya vipuri. Nikamwambia Fundi, hii inavuma, chukua hii ya pembeni. Akaniangalia hivi, akasema, ile ya vipuri unanificha kwa nini? Na ya pili hivyo hivyo. Mteja aliirudisha. Kila nikimwambia mbovu, yeye ndiyo anaing'ang'ania."

Nikamuuliza, kwani hakuisikiliza? Mzee akasema aliisikiliza sana, amefumba macho, kama kawaida yake. Halafu akaniambia maneno ambayo sikuyataka, kwamba nimwangalie Fundi wangu vizuri. Sikumwamini. Muuza duka yeyote angesema hivyo. Lakini nilitoka pale sijui nimshuku nani, na kwa mtu kama mimi hilo ni sawa na kutojua pa kuweka mguu.

Siku ya pili yake nilipakia miksa kwenye bajaji mpaka Buguruni. Nilimkuta peke yake kibandani, anachomelea waya. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikasema Seif bado analalamika. Akakunja uso, akasafisha meza kwa kiganja, akaichukua miksa na kuichomeka. Akavaa hedifoni, akapandisha kila kitufe mpaka mwisho, akafumba macho.

Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hatua chache kutoka kwake. Na pale nilipokaa, juu ya kelele za soko, nikausikia mvumo unatoka kwenye hedifoni zilizo masikioni mwake. Sss, nzito, kama sufuria imejaa mafuta. Ulimwagika hadi kwangu.

Fundi alitikisa kichwa taratibu, ameridhika.

"Kimya," alisema. "Kimya kabisa. Mwambie mdogo wako akaoshe masikio."

Nilimtazama sana usoni. Mwongo akishasema, huwa anakuchungulia aone kama umeamini. Yeye alikuwa bado amefumba macho, na uso wake umetulia kama wa mtu aliye sehemu anayoipenda.  Ningekuwa na moyo mwepesi kidogo ningeaga na kuondoka.

Nikamgusa goti. "Fundi, inavuma. Naisikia kutoka hapa."

Akafumbua macho, akavua hedifoni polepole. Hakukasirika. Alinitazama kama anavyotazama miksa ya dukani.

"Nani amekutuma?"

Nikamwambia hakuna. Akauliza kama ni yule Mwarabu. Akauliza kama ni mafundi wa Tandika, ambao wanakitaka kiti chake tangu zamani. Nikamwapia kwa mwanangu. Akanivisha hedifoni mimi, akanigeuza niangalie mlangoni, nisione meza. Akasema akinigusa bega mara moja nimwambie kama mvumo upo au haupo.

Nikahisi meza inatikisika nyuma yangu, swichi ikibonyezwa. Akanigusa. Nikasema upo. Meza ikatikisika tena, hedifoni zikawa kimya, akanigusa, nikasema haupo. Akarudia. Mara nyingine aliwasha na kuzima haraka haraka ili anichanganye, mara nyingine alinigusa bega bila kubadilisha kitu. Upo. Haupo. Haupo. Upo. Nilianza kama mtu anayejitetea, nikiwa na kiburi kidogo, nataka nimwoneshe kwamba mimi si mwongo. Lakini aliendelea kupita mahali ambapo mtu angetosheka, na mkono wake begani mwangu ukaanza kuwa mzito. Hapo nikaelewa. Hakuwa ananipima tena. Alikuwa anaomba nikosee. Ningekosea mara moja tu, ningekuwa mwongo niliyetumwa na maadui zake, na masikio yake yangekuwa mazima.

Nilimhurumia mpaka macho yakaniuma. Lakini nilikuwa na akina mama wa Mtoni wa kuwafikiria, na chumba cha magodoro, na mimi mwenyewe. Akanigusa.

"Upo, Fundi," nikasema.

Akazima. Nilipogeuka alikuwa amekaa juu ya spika, mikono kwenye mapaja, anaangalia rafu zake. Nilidhani atauliza tangu lini. Hakuuliza.

"Watu wengi wametoka hapa na miksa nilizowachagulia," alisema.

 Muuza chipsi wa jirani akafungua redio, na Fundi akageuza shingo upande ule, sikio moja kwanza, kisha jingine. Baadaye aliniambia nije asubuhi, twende Kariakoo.

Dukani mwenye duka alianza zile salamu ndefu, lakini Fundi alizikata katikati, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akavuta stuli, hakukaa mbele ya miksa. Alikaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane, akanipa hedifoni.

"Wewe sikiliza," alisema. "Mie nitakutazama. Nimewatazama watu maisha yangu yote, huko sijapoteza kitu."

Mwenye duka akawasha ya kwanza, bila kuchomekwa chochote, vitufe vyote juu. Nilijitahidi nisioneshe lolote usoni, kwa sababu muuzaji akijua umeipenda anajua la kufanya. Fundi akanitazama kidogo tu, akasema rudisha. Ya pili nayo alisema rudisha, kabla sijavua hedifoni, na kweli ilikuwa na mnong'ono upande wa kushoto.  Mwenye duka alikwenda stoo mwenyewe, akarudi na boksi lenye vumbi, akaifungua nyingine na kuiwasha. Nikasubiri mvumo. Nikasikia pumzi zangu, na mate yangu yakipita kooni, na basi. Nikakaza uso wangu kama jiwe.

Fundi akainuka kwenye stuli.

"Hiyo," alisema. "Funga."

Mwenye duka akanigeukia mimi, akaniuliza kwa adabu kama kweli nimeridhika, maana mwenye masikio leo ni mimi.

"Usimuulize," Fundi akamwambia. "Nimeshaisikia."